Ukuta wa Kinyozi: Kisa cha Duka Moja Kwenye Uwanja wa Bentonville

Duka la bidhaa ndogondogo lilikuwa likiuza mali ya dola 32,000 kwa mwaka. Mji wenyewe ulikuwa na watu wapatao 3,000, na tayari ulikuwa na maduka matatu ya aina hiyohiyo, wakati moja lingetosha. Mnunuzi aliyekuja kulitazama mwaka 1950 alikuwa ametoka kuendesha duka lililofikia dola 250,000 kwa mwaka katika mji mwingine wa jimbo hilohilo la Arkansas. Kwa macho ya mfanyabiashara yeyote, huyu alikuwa anarudi nyuma. Hata hivyo Sam Walton, ambaye baadaye angeanzisha maduka ya Walmart, alilitaka, ila kwa sharti moja: apate na chumba cha jirani, alichokuwamo kinyozi, ili auvunje ukuta wa kati. Na chumba hicho alikitaka kwa mkataba wa miaka 99.

Jengo hilo bado limesimama upande wa magharibi wa uwanja wa mji wa Bentonville, na leo ni sehemu ya makumbusho ya kampuni ya Walmart. Habari zake husimuliwa kama hadithi ya kijana mchapakazi aliyeanza na kidogo akafika mbali. Sina ugomvi na hadithi hiyo, maana kijana kweli alikuwa mchapakazi. Lakini wachapakazi walikuwa wengi katika miji midogo ya Marekani ya wakati ule. Ninachotaka kukitazama hapa ni upande ambao wasimulizi huupita haraka, yaani nani alimpangisha nani, kwa muda gani, na kwa kodi ya namna gani. Nadhani kisa hiki kiko humo.

Newport: duka zuri, mkataba mbovu

Hatuwezi kuuelewa ukuta wa Bentonville bila kupitia Newport, mji wa mashariki mwa Arkansas. Walton aliingia huko Septemba 1945, akiwa na miaka 27, ametoka jeshini. Alinunua duka la bidhaa ndogondogo lenye leseni ya Ben Franklin, jina lililomilikiwa na kampuni ya jumla ya Butler Brothers. Ukipewa leseni unapata jina, vitabu vya hesabu na mafunzo, na wewe unanunua sehemu kubwa ya mali yako kwao. Bei ilikuwa dola 25,000. Yeye na mkewe Helen walikuwa na 5,000. Zile 20,000 walikopeshwa na baba yake Helen, L. S. Robson wa Claremore, Oklahoma, ambaye alikuwa mwanasheria, mwenye benki na mfugaji. Mzee huyu tutakutana naye tena, na kwa maoni yangu ndiye mtu wa pili kwa umuhimu katika kisa kizima.

Duka lilikuwa na upana wa futi 50 na kina cha futi 100, likitazama barabara kuu na reli. Lilikuwa linauza dola 72,000 kwa mwaka, wakati mshindani wa ng'ambo ya barabara, duka la Sterling, aliuza zaidi ya mara mbili ya hapo. Walton akaanza kuhangaika. Alitafuta wauzaji wa jumla nje ya Butler Brothers waliokuwa na bei nafuu zaidi, akashusha bei dukani, akaweka mashine ya bisi kando ya barabara. Kisha akakopa dola 1,800 benki kununua mashine ya aiskrimu, akaiweka nje pamoja na ile ya bisi. Mauzo yakapanda hadi 105,000, kisha 140,000, kisha 175,000. Mwaka wa tano yakafika 250,000.

Aliposikia kwamba Sterling wanataka kupanuka na kuchukua chumba cha duka la Kroger, alikwenda mpaka Hot Springs kumtafuta mwenye chumba, akakipanga yeye. Hakuwa na mpango wowote wa maana kwa chumba hicho. Alitaka tu jirani asikipate. Akakifanya duka dogo la nguo na vitu vingine, akaliita Eagle. Kwa hiyo huyu si mtu aliyekuwa haelewi kwamba nafasi ni silaha. Alielewa vizuri sana, ila kwa chumba cha mwenzake kuliko cha kwake.

Mkataba wa duka lake mwenyewe ulikuwa na mambo mawili. La kwanza, kodi ya pango ilikuwa asilimia 5 ya mauzo, ambayo baadaye aligundua kuwa ni kubwa kuliko walivyolipa wengine. La pili, ulikuwa wa miaka 5 na haukuwa na kipengele kinachompa mpangaji haki ya kuendelea baada ya hapo.

Watu huzungumzia hilo la pili tu. Mimi naona la kwanza ndilo lililolipatia la pili makali. Kodi ya kiasi maalumu humfanya mwenye jengo asijali sana umeuza nini, alimradi amelipwa. Kodi ya asilimia humfanya ajue. Duka likiuza 72,000, yeye anapata 3,600. Likiuza 250,000, anapata 12,500. Kila mwaka Walton alikuwa anampelekea mwenye jengo, kwa maandishi na kwa fedha taslimu, taarifa kwamba hapa pana biashara nono. Mwenye jengo alikuwa na mtoto wa kiume. Mwaka wa tano ulipokwisha alikataa kuongeza mkataba, kwa bei yoyote ile, kwa sababu alitaka duka liwe la mwanawe.

Aliyewahi kupanga fremu Kariakoo au kwenye stendi yoyote ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi. Unalipa kilemba, unafunga rafu, unatengeneza wateja, kisha siku mwenye nyumba anakwambia kijana wake amemaliza chuo. Tofauti ni kwamba Newport mwenye jengo alilipa bei ya haki kwa mali, vifaa na leseni. Walton aliondoka na zaidi ya dola 50,000. Na chumba cha Eagle, kile alichokichukua ili Sterling wasikipate, aliwauzia Sterling haohao mkataba wake. Wakapanuka hatimaye.

Uwanja wenyewe

Bentonville ndiyo makao ya wilaya ya Benton, kaskazini-magharibi mwa Arkansas, karibu na mahali majimbo manne yanapokutana. Wilaya hiyo iliwahi kujulikana sana kwa matufaha, kisha kwa kuku. Mji umepangwa kama ilivyo miji mingi ya makao ya wilaya katika sehemu hiyo ya Marekani: bustani ndogo katikati, barabara kuizunguka pande nne, maduka yamebanana pande zote, na mahakama ya wilaya upande wa mashariki. Jengo la sasa la mahakama ni la mwaka 1928. Mkulima akija kulipa kodi ya ardhi au kusikiliza kesi, anamaliza shughuli zake kwa kuvuka barabara tu. Katikati ya bustani ilisimama sanamu ya askari wa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliyowekwa 1908 na kuondolewa 2020 baada ya mvutano mrefu.

Sababu za Walton kufika huku hazikuwa za kibiashara peke yake. Helen alitaka kuishi karibu na wazazi wake Claremore. Sam alipenda kuwinda kware, na kukaa kwenye kona ya majimbo manne kulimpa misimu minne ya uwindaji. Alizunguka na baba mkwe wake kutafuta duka linalouzwa. Walijaribu Siloam Springs, mpakani na Oklahoma, hawakuelewana bei. Bentonville ikawa ndiyo inayofuata. Hapo kulikuwa na duka la bidhaa ndogondogo la Luther Harrison.

Maduka ya uwanja wa namna hii yana tatizo moja la kimaumbile ambalo mgeni haoni haraka. Upande wa mbele ni mwembamba. Kila kiwanja kiligawanywa zamani ili wafanyabiashara wengi kadiri inavyowezekana wapate kuutazama uwanja, kwa hiyo chumba ni chembamba na kirefu kwenda nyuma, na ukuta wake ni ukuta wa jirani. Huwezi kujiongezea upana. Mbele ni barabara, nyuma ni kichochoro, kushoto na kulia ni watu. Njia pekee ya kukua ni kumpata jirani, na jirani ana mwenye chumba chake, mwenye sababu zake.

Wajane wawili wa Kansas City

Chumba cha kinyozi kilikuwa mali ya wajane wawili waliokuwa wakiishi Kansas City. Walikataa kabisa. Walton mwenyewe alisimulia baadaye kwamba bila chumba hicho hakujua angefanya nini, maana duka la Harrison peke yake lilikuwa dogo mno. Ni Robson aliyekwenda Kansas City, bila kuambatana na mkwewe, akarudi na mkataba wa miaka 99.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana masimulizi mengi yanaruka kutoka kwenye kukataa kwa wajane hadi kwenye ufunguzi wa duka, kana kwamba mkataba ulidondoka kutoka juu. Kilichotokea ni kwamba mwanasheria mzoefu, mwenye benki, mtu wa makamo mwenye heshima na fedha, alikaa na wamiliki wawili akafanikiwa kupata karatasi ambayo kijana wa miaka 32 alishindwa kuipata. Mtu huyohuyo alikuwa ametoa asilimia 80 ya mtaji wa kwanza. Sisemi hili kumpunguzia Walton sifa zake. Nasema ili mfanyabiashara mdogo anayesoma kisa hiki asijilaumu kupita kiasi akishindwa kupata mkataba wa namna hiyo. Huenda bidii anayo. Asichokuwa nacho ni baba mkwe kama Robson.

Na miaka 99 si muda wa kuuza vibanio vya nguo. Ukihesabu kutoka 1950 unafika 2049. Hakuna aliyetia saini ile aliyetegemea kuuona mwisho wake. Muda huo kazi yake ni kuliondoa kabisa swali la nani atakuwa mpangaji mwakani, ili mtu aweze kuvunja ukuta wa jengo lisilo lake na kulala usingizi.

Kaunta zinaondoka

Kwa nini upana ulikuwa muhimu kiasi hicho? Jibu liko Minnesota. Walton alikuwa amesoma kwamba maduka mawili ya Ben Franklin, moja Pipestone na jingine Worthington, yameanza utaratibu wa mteja kujihudumia. Alipanda basi usiku kucha kwenda kuyaona.

Utaratibu wa zamani wa maduka haya ulikuwa kaunta kila mahali. Nyuma ya kila kaunta yupo muuzaji na mashine yake ya fedha. Unataka uzi, unakwenda kaunta ya uzi, unaonyeshwa, unalipa papo hapo. Unataka sabuni, unaanza upya. Duka kama hilo linaweza kuwa na vyumba, kona na kuta, kwa sababu kila kaunta inajilinda yenyewe. Duka la kujihudumia haliwezi. Linahitaji ukumbi mmoja usiokatwa, rafu zinazopishana na njia za kupita, mteja mwenye kikapu mkononi, na mahali pa kulipia pawe mbele mlangoni ili mtu asipite na mali. Wafanyakazi wanapungua, na bei inaweza kushuka. Lakini huwezi kuliendesha ndani ya kichochoro chembamba.

Kwa hiyo ukuta wa kinyozi ulikuwa ndio kizuizi cha mfumo mzima. Hii ndiyo sababu naona mkataba wa Kansas City na safari ya Minnesota ni jambo moja. Bila karatasi, lile wazo lilikuwa ni safari ya basi tu. Duka la Bentonville likawa la tatu la bidhaa ndogondogo katika nchi nzima kutumia utaratibu huo, kwa maelezo ya Walton mwenyewe.

Uhamisho ulikuwa na vituko vyake. Vifaa vya duka vililetwa kwa lori lililojazwa kupita kiasi, na kwa kuwa njiani, Rogers, kulikuwa na mzani wa magari, walizunguka kwa barabara ya pembeni kuukwepa. Barabara ilikuwa mbovu, na vifaa vingi vikavunjika. Madereva wetu wa malori wataitambua hesabu hiyo.

Walipofungua, tangazo la gazetini liliahidi maputo ya bure kwa watoto, dazani ya vibanio vya nguo kwa senti 9, na glasi za chai ya barafu kwa senti 10 kila moja. Leseni ilikuwa ya Ben Franklin, lakini ubaoni nje aliandika jina lake, Walton's, pamoja na 5 na 10, kwa maana ya senti tano na senti kumi. Ndani, sakafu iliwekwa vigae vyekundu na vya kijani visivyolingana vizuri. Ukienda leo utavikuta, vimehifadhiwa kama mali ya kale, jambo ambalo lingemchekesha mtu aliyevichagua kwa kubana matumizi.

Kuuacha uwanja

Duka la pili alilifungua 1952 Fayetteville, nalo kwenye uwanja wa mji, ndani ya chumba kilichowahi kuwa cha Kroger, akishindana na duka la Woolworth. Aliendelea hivyo miaka ya 1950 yote, mji hadi mji. Kufikia 1960 alikuwa na maduka 15 na mauzo ya jumla ya dola milioni 1.4 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: wastani haufiki 100,000 kwa duka. Mwaka 1950 duka moja la Newport lilikuwa likiuza mara mbili na nusu ya hapo.

Hapa ndipo jengo la uwanjani linafika mwisho wa uwezo wake. Ukuta mmoja unaweza kuuvunja. Wa pili una mjane mwingine nyuma yake. Na mteja wa 1960 hakuja tena mjini mara moja kwa wiki kwa ajili ya mahakama na benki. Alikuwa na gari, na gari linataka mahali pa kuegeshwa. Walton alikwenda kwa Butler Brothers Chicago na pendekezo kwamba wapunguze faida yao ili wafungue maduka makubwa ya bei ya chini katika miji midogo. Wakakataa. Tarehe 2 Julai 1962 akafungua la kwanza kwa jina la Wal-Mart, huko Rogers, maili chache kutoka Bentonville. Halikuwa kwenye uwanja wa zamani wa mji wowote. Ukiondoa upana wa ukumbi, utaratibu ulikuwa uleule wa 1950: rafu wazi, kikapu, malipo mlangoni, bei ya chini. Kilichobadilika ni kwamba hapakuwa tena na jirani wa kumbembeleza.

Yaliyofuata yanajulikana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mchumi Kenneth Stone wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa alifuatilia miji midogo ya jimbo lake baada ya Walmart kuingia. Alichokiona hakikuwa cheusi na cheupe. Mji uliopata duka mara nyingi uliongeza mauzo yake kwa jumla, na migahawa au maduka ya samani yangeweza kunufaika na wateja waliovutwa. Waliouza vitu vilevile ndio walioumia, na miji midogo ya jirani isiyo na duka hilo ikapoteza wateja wake. Mara nyingi walioumia walikuwa ndio wale wa uwanjani: nguo, vifaa vya ujenzi, dawa, bidhaa ndogondogo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaouchukua uwanja wa Bentonville kama mfano wa jinsi mji mdogo unavyoweza kuokoa katikati yake. Jengo la Walton liligeuzwa kituo cha wageni cha kampuni mwaka 1990, miaka miwili kabla ya Walton kufariki. Mwaka 2011, binti yake Alice alifungua jumba la sanaa la Crystal Bridges umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo. Hoteli na migahawa ikafuata. Mji ambao ulikuwa na watu 3,000 ulihesabiwa kuwa na zaidi ya 54,000 mwaka 2020. Uwanja huo unapendeza kweli. Lakini unapendeza kwa sababu makao makuu ya kampuni kubwa kuliko zote za rejareja duniani hayakuhama mji, na wauzaji wanaotaka mali yao iingie kwenye rafu hizo wamelazimika kuweka ofisi jirani. Mji mwingine wenye uwanja kama huo na rangi nzuri za milango hauna hazina hiyo. Ukiiga maua na taa za barabarani, umeiga kile ambacho hakikuleta tofauti.

Mnyororo huo ulifika hadi kwetu. Mwaka 2011 Walmart ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Massmart ya Afrika Kusini, na Massmart ndiyo iliyokuwa na maduka ya Game, likiwemo la Mlimani City, Dar es Salaam, na mengine Kampala na Nairobi. Baada ya takriban muongo mmoja waliamua kuondoka Afrika Mashariki. Mlimani City yenyewe imejengwa juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyokodishwa kwa mkataba wa muda mrefu. Anayetaka kujifunza habari za pango, masharti na nani anabaki na nini, ana kisa kingine kizima pale.

Na Newport? Mwenye jengo alipata alichokitaka: mwanawe akaliendesha duka la barabara kuu kwa karibu miaka 20. Mwaka 1969 Walton alirudi mjini hapo na Wal-Mart namba 18. Haukupita muda mrefu, duka la zamani la Ben Franklin likafungwa. Walton alisisitiza maishani mwake kwamba si yeye aliyelifunga, ni wateja. Kisheria yuko sahihi, na hata kibiashara ni vigumu kumpinga. Lakini alikuwa na miji mingi ya kuchagua mwaka ule, na sioni sababu ya kuamini kwamba jina la Newport lilipotajwa mezani, alilisikia kama jina la mji wowote ule.